Kamba ya Latifa na Kriki ya Jipi

Latifa binti Assumani hakutupa kamba hata siku moja. Kamba ya muzigo, kamba ya wavu yenye kuanza kuoza, hata uzi ya gunia ya chumvi, yote alikuwa anaikunja na kuitia ndani ya kitunga, chini ya kitanda. Bamama ya muji ya Baraka balikuwa banamucheka.

"Latifa, na kamba yote ile utafunga nani?"

"Nitafunga midomo yenu," anabajibu, na yeye mwenyewe anacheka wa kwanza.

Kati ya zile kamba kulikuwa moja ambayo hakuna mutu alikuwa na ruhusa ya kuigusa. Ilikuwa ya baba yake. Muzee Assumani alikuwa fundi ya mashua pale pwani ya ziwa, na hakubakia na mutoto mwanaume nyumbani, basi Latifa njo alimubebea nyundo na pamba ya kuziba matundu. Alikulia kati ya mabaki ya mbao. Aliona ginsi baba yake alikuwa anafanya kama mashua imevutwa ku nchi kavu ili itengenezwe. Mbele ya kutafuta gogo ya kuinulia, muzee alikuwa anapima na kamba. Fundo ya kwanza: toka muchanga mpaka tumbo ya mashua, wakati mashua imelala kabisa. Fundo ya pili: toka muchanga mpaka fasi tumbo inapashwa kufika, ili fundi apate kuingiza mukono na nyundo. Gogo yenye kupita fundo ya kwanza haiwezi kuingia. Yenye haifike fundo ya pili haina kazi. Muzee hakuwa na maneno mengine. Alipokufa, bandugu yake baligawanya misumeno na matezo, Latifa akachukua kamba, na hakuna aliyemuzuia, sababu hakuna aliyeona kama ni kintu.

Aliolewa na Swedi, muntu mupole, mwenye mikono mikubwa, aliyejifunza kuendesha motokari wakati ya vita. Kwa mwaka ile ya 1955 Swedi alikuwa shofere ya Isidore. Isidore alikuwa mufanyabiashara Mukatoliki, kwao Fizi, muntu ya kusema kidogo na kofia ya majani kichwani toka asubui mpaka magaribi. Alikuwa na jipi moja ya zamani ya basoda, baaskari ya vita. Na ile jipi Swedi alikuwa anapandisha chumvi na samaki ku milima, anashusha maharagi na mafuta ya mawese ya Lubondja, boti inabeba mpaka Uvira.

Sasa njia ya Lubondja wakati ya mvua, yule aliyeipita njo anaijua. Makamiyo, yale malori makubwa, yalikuwa yameichimba mitaro mbili, na jipi ikiingia mule, tumbo yake inalala juu ya udongo ya katikati, magurudumu inazunguka bure sawa miguu ya kobe yenye kupinduliwa. Isidore alichoka. Akaleta toka Uvira mipira tano mikubwa ya magurudumu, na meno ya kukamata matope, ine ya kutembelea na moja ya akiba. Siku Swedi aliifunga, jipi ilipanda juu, na bantu balikuja kuangalia. Zubeda, jirani ya Latifa, alishika kiuno.

"Aa! Jipi imevaa biatu ya madamu ya mugeni!"

Ilikuwa kweli. Na ile jipi ndefu ilianza kupita fasi yote. Matope ya Lubondja haikuishika tena. Swedi alikuwa anapita Baraka na shingo imenyooka, usukani nzito lakini moyo mwepesi.

Kintu moja tu balisahau. Kriki ya jipi, ile chuma ya kuinulia gari kama mupira umetoboka, ilikuwa ile ile ya zamani, fupi sawa kinu ya kutwangia pilipili.

Siku mupira ya kwanza ulitobolewa, Swedi alikuwa anatoka Lweba na samaki. Aliweka kriki chini ya ile chuma nene inayotoka gurudumu moja mpaka lingine. Akapandisha, akapandisha, kriki ikafika mwisho wa kupanda kwake, na gurudumu lilikuwa bado limekaa chini kabisa. Basi akatia kriki juu ya mawe tatu, sawa mafiga. Jipi ilitingishika, mawe yakaachana, kriki ikaruka, na ukucha ya kidole gumba ya Swedi ikaenda nayo. Bantu ya Lweba balikuja na miti kuinua jipi kwa mabega. Wakati balimaliza, jua lilikuwa limeshapika samaki mara ya pili, na harufu yake ilimufikia Isidore mbele ya jipi yenyewe kufika.

Isidore hakupiga kelele. Ingekuwa heri apige.

"Swedi," alisema, "sikuleta mipira ya maana ili jipi ilale njiani sawa ngombe. Siku ya sita tunapanda Lubondja kwa mawese. Jacques atakuwa na sisi."

Jacques alikuwa shofere ya Uvira, kijana ya biatu ya kung'aa, aliyefika Baraka kutafuta kazi na alikuwa anakaa kwenye baraza ya Isidore kila siku, anaangalia jipi sawa muntu anaangalia muke ya mwenzake.

"Ku gereji ya Alphonse kuko kriki," Isidore aliendelea. "Chagua moja. Moja tu, sitaki kujaza jipi na machuma. Ikifaa, usukani ni yako. Ikikosa kufaa, Jacques atashika kazi."

Swedi alirudi nyumbani na kidole imefungwa kitambaa. Alikula bugali nusu, akasukuma sahani.

"Mama Kulthumu," alimuambia Latifa, kwa jina ya binti yao, "kama inakosa, nitaenda Lulimba. Kule banatafuta bantu ya kuchimba zahabu."

Latifa aliacha kuosha chungu. Bwana ya Zubeda alikuwa Lulimba mwaka ya tatu sasa. Zubeda alikuwa anaishi na salamu: fulani amemuona, fulani amesema anakohoa kidogo, fulani amesema atarudi kisha mavuno. Kila boti, kila kamiyo, Zubeda anatoka mulangoni kuangalia, anarudi ndani.

"Hauendi Lulimba," Latifa alisema.

"Si wewe njo unapanga."

"Mi nimekwisha kupanga."

Siku ya ine, Latifa alipeleka chakula ku gereji. Alphonse, muzee moja wa Fizi mwenye tumbo na kicheko kikubwa, alikuwa ametoa kriki zake zote tatu, amezipanga juu ya gunia sawa mutu anayeuza kuku. Ya kwanza ilikuwa ya makamiyo, ya meno, ndefu mpaka goti, nzito, rangi nyekundu ikiwa bado. Ya pili ilikuwa ya mafuta, sura ya chupa, ya kupandisha na mukono bila jasho. Ya tatu ilikuwa ya kuzungusha, fupi, nyeusi, yenye kutu, na hata Alphonse alikuwa ameiweka pembeni kabisa.

Jipi ilikuwa imesimama kwenye sakafu ya simenti mbele ya gereji, mipira imejaa pumzi mpaka inalia ukiipiga. Swedi alikuwa na fimbo. Alipima toka chini mpaka ile chuma ya kati ya magurudumu, akapeleka fimbo ku kriki nyekundu.

"Inaingia!" alisema. "Inabakiza kidole moja. Na ikipanda, inapanda mpaka mbinguni."

"Mipira mikubwa, kriki kubwa," Alphonse alisema. "Iko wazi."

Jacques alikuwa palepale, ameegemea mulango. "Hata mi ningechagua ile," alisema, na Swedi akafurahi, hakuona kama yule kijana alikuwa anacheka na jicho moja.

Latifa aliweka sahani chini. Alikuwa anaangalia mupira.

"Baba Kulthumu. Ile siku ku Lweba, mupira ulikuwa umejaa hivi?"

"Ungekuwa umejaa, ningetafuta kriki ya nini?"

"Basi juu ya nini unapima jipi yenye kusimama? Pima yenye kulala."

Banaume baliangalia mupira. Kisha Alphonse akacheka. "Mama, hii si mashua."

"Naona. Mashua haina shofere mwenye kichwa ngumu."

"Unataka nitoe pumzi?" Swedi alisema. "Ile mipira nimepiga pompi na muguu asubui yote! Unajua ni mara ngapi ya kukanyaga? Muguu unaniuma mpaka sasa."

"Nitakanyaga mimi."

"Hapana. Nimesema hapana. Mbele ya bantu, Mama Kulthumu, usinifanye mutoto."

Latifa alitoa kamba ya baba yake kwenye kiuno, akapiga magoti juu ya simenti na kitenge yake safi. Kwanza alipima ile chuma ginsi ilivyo, mipira ikiwa na pumzi, akaongeza upana wa mukono moja juu, ili gurudumu lipate nafasi ya kuingia, akafunga fundo. Ile ilikuwa fundo ya pili, ya kusimama. Kisha akachukua kijiti, akakifinya pale pumzi inapoingilia.

*Psssss.*

"Latifa!" Swedi hakuwa anamuita jina yake mbele ya bantu, na siku ile alimuita. Alikuja kumuondoa, lakini Latifa alikuwa amekaa chini kabisa, mugongo juu ya gurudumu, miguu imenyooka, na mwanamuke aliyekaa namna ile hauwezi kumuondoa bila aibu kuwa yako. Swedi akasimama, mikono inaning'inia. Jipi ikashuka polepole kwa upande moja, mupira ukalala sawa mukate ya maji.

Latifa akapima tena. Akafunga fundo ya kwanza. Akanyoosha kamba pembeni ya kriki nyekundu, ile nzuri, ya kupanda mpaka mbinguni. Kichwa ya kriki ilipita fundo kwa bidole tatu.

"Ingiza," alimuambia bwana yake, sauti chini.

Swedi aliinama. Alijaribu mbele, alijaribu nyuma, alijaribu kuilaza na kuisimamisha. Kriki haikuingia. Njiani, na mupira wenye kufa, angesimama na ile chuma nyekundu mukononi sawa muntu aliyeleta ngazi ku shimo. Alikaa juu ya visigino, akapangusa uso.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe," Alphonse naye alisema, na hakucheka.

Jacques aliacha kuegemea mulango.

Balijaribu ya mafuta. Iliingia bila taabu, ikapanda bila jasho, na ikasimama bidole tatu chini ya fundo ya pili. "Tutatia jiwe juu yake?" Latifa aliuliza, na Swedi akaangalia kidole yake yenye kitambaa, akaitoa mwenyewe. Ikabakia ile nyeusi. Swedi aliiingiza bila matumaini. Ilikuwa fupi, iliingia na ikabakiza bidole mbili. Akaanza kuzungusha. Chuma ikatoka, ikapanda, ikalia kama mulango ya zamani. Pale bote balifikiri imefika mwisho, ndani ya ile chuma ikatoka chuma ingine, nyembamba, iliyofichama mule muda yote. Ikapanda nayo. Ikapita fundo ya pili.

"Sikujua kama iko na mutoto ndani," Alphonse alisema. "Miaka sita iko hapa, bakuku banailalia."

"Paka mawese," Latifa alisema. "Itapunguza kulia."

Walikanyaga pompi zamu kwa zamu, yeye na Swedi, na bamama bapita njia balisimama kuangalia muke ya shofere anarukaruka sawa ngoma ya harusi. Swedi alianza kucheka. Hakutaka, lakini alicheka.

Kufika nyumbani, Latifa alikumbuka matope. Pwani, gogo ya kuinulia haikukaa muchanga mutupu, inazama. Baba yake alikuwa anatia ubao chini. Akatoa kipande ya ubao ya mashua ya zamani, muti ngumu, nene bidole ine, akakipeleka ndani ya jipi na mukono yake mwenyewe. Alikuwa na furaha sana ile siku. Hakukipima.

Siku ya sita balipanda bane: Swedi ku usukani, Isidore pembeni yake, nyuma Latifa na Jacques kati ya mapipa matupu. Latifa alisema anakwenda kusalimia bandugu ya mama yake Lubondja, na Isidore, aliyesikia habari ya gereji, hakuuliza zaidi. Jipi ilipita Fizi, ikapita mitaro, ikapita kijito yenye kujaa, bila kusimama. Lubondja balijaza mawese, bandugu ya Latifa bakamupa kikapo ya maharagi na jembe mupya ya bei nzuri, na bote bane bakarudi.

Ku mulima moja, mbele ya kufika Fizi, jiwe lilikata mupira ya nyuma, upande ya kuume.

Isidore alishuka, akaweka mikono nyuma. "Haya," alisema. Neno moja tu.

Swedi akafungua gurudumu ya akiba, akaweka ubao juu ya matope, akaweka kriki nyeusi juu ya ubao, akaisukuma chini ya jipi.

Haikuingia.

Alisukuma tena. Kichwa ya kriki iligonga chuma, *ko*, pembeni. Ilikosa bidole mbili. Swedi aligeuza shingo polepole, akaangalia muke yake. Uso wake ulikuwa ule wa usiku wa bugali nusu.

Jacques alianza kucheka. "Mama ya kamba! Kriki yako imevaa kofia, mulango iko chini!"

Latifa aliona mara moja. Kriki ilibakiza bidole mbili, na ubao ni bidole ine. Mutoto ya fundi Assumani, aliyebeba ubao miaka na miaka, alipima yote na akasahau kupima ubao. Bila ubao, matope yatameza kriki. Na ubao, haiingii. Masikio yake yalikuwa moto. Alifikiri Zubeda anavyotoka mulangoni. Kisha akafikiri mashua moja kubwa, ya kitambo, iliyolala vibaya hata gogo nyembamba halikupata kuingia, na baba yake amepiga magoti na sahani ya chakula mukononi, anachota muchanga chini ya tumbo yake, hana haraka, anaimba.

Alichukua jembe mupya.

"Toka pale, Baba Kulthumu. Unasimama juu ya kazi."

Akapiga magoti ndani ya matope. Akachimba kishimo, mapana ya ubao, marefu ya ubao, kina bidole ine na kidogo. Pale jembe halikufika alichimba na mikono. Akalaza ubao mule, akaukanyaga mpaka ukalingana na njia. "Sasa," alisema.

Swedi akaweka kriki. Iliingia na nafasi ya kupitisha kitambaa. Akazungusha. Ubao ulizama kidole moja, ukashika. Jipi ikanyanyuka, mapipa ya mawese ikalia *dumbu*, chuma ya kwanza ikaisha, mutoto yake akatoka, gurudumu likaachana na matope. Lakini kidole ya Swedi ilianza kutoka damu kwenye kitambaa, mukono ukateleza.

"Jacques," Isidore alisema bila kumuangalia, "haukuja hapa kuota jua."

Jacques alipiga magoti na suruali yake, biatu ya kung'aa ikaingia matope mpaka kamba. Alizungusha mpaka jasho likamutoka puani. Latifa alisimama juu yake na kamba imenyooka, anaangalia fundo.

"Bado," anasema. "Bado. Zungusha, kijana. Uko na nguvu mingi ya kucheka, tia kidogo kwa mikono. Bado... Simama."

Gurudumu ya akiba, limejaa pumzi, liliingia. Lilibakiza chini nafasi ya kidole moja na matope kidogo.

Isidore alizunguka jipi mara moja. Alipiga mupira teke ndogo. Akaondoa kofia, kintu ambayo bantu ya Baraka walikuwa hawajaiona wakati ya jua, akajipepea.

"Swedi," alisema, "juma yenye kuja, maharagi. Toka mapema."

"Ndiyo, Patron."

"Jacques, boti ya Uvira inaondoka kisha kesho. Nitakupa barua kwa ndugu yangu, iko na kamiyo." Akaingia jipi. Kabla ya kuvaa kofia tena aligeuka nyuma. "Mama Kulthumu. Ile ya kuchimba, nani alikufundisha?"

"Baba yangu, Patron."

"Nilimujua. Alikuwa mubishi."

"Ndiyo," Latifa alisema, na alikaa kati ya mapipa sawa muntu amepewa zawadi.

Balishuka Baraka ziwa ikiwa bado nyeupe na jua. Zubeda alikuwa mulangoni. Latifa alimupa nusu ya maharagi, akanawa matope, akakaa nje na kamba juu ya magoti. Swedi alikuja kukaa pembeni yake, kidole imefungwa upya. Alimuona akipima unene ya ubao kwa kamba, na akifunga fundo ya tatu, karibu sana na ya kwanza, chini yake kidogo.

"Ile ni ya nini?"

"Ya ubao."

Swedi aliangalia ziwa. Kicheko kilikuwa kinamupanda tumboni na alikuwa anakizuia.

"Basi ulisahau ubao."

"Nani alisahau? Nilitaka kuona kama Jacques anajua kazi."

"Mama Kulthumu."

"Kula, bugali inapoa."

Alikula yote, siku ile, akapangusa sahani na kidole. Kriki nyeusi ilikaa ndani ya jipi mpaka jipi yenyewe ilizeeka, na mashofere ya Fizi, wakitaka kubadili mipira, walikuwa banapita kwanza kwa muke ya Swedi kuomba kamba. Aliwapa. Lakini ilikuwa lazima waketi, watoe pumzi mbele yake, na wasiulize fundo ya tatu ilifungwa siku gani.